Nguo Ambazo Mabega Yangu Yalizikataa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa mabega zaidi ya ninavyoikumbuka kwa kichwa. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, kiangazi cha mwezi wa nane, vumbi la kijiji chetu cha Rugu limetanda, na mimi nimekaa kwenye kiti cha marehemu baba yangu, nimevaa koti la marehemu baba yangu, watu kumi na mmoja wa ukoo wananitazama. Mbele yangu, kwenye mkeka, alikaa dada yangu Adventina na watoto wake wawili. Siku hiyo nilitamka neno ambalo nusura limpoteze dada yangu. Nimezeeka sasa, nimekwisha kuungama dhambi nyingi, na hiyo niliiungama mara mbili maana mara ya kwanza niliona padri hakuisikia vizuri.

Nakuandikia kwa sababu juzi nilifungua kabati la mjukuu wangu natafuta blanketi, nguo zikaniporomokea kichwani. Nikamwuliza, hizi zote unavaa? Akasema, Babu, hizi zinanibana, hizi nilipewa na shangazi nikaona vibaya kukataa, hizi nasubiri nipungue, hizi ni vitenge vya sare za harusi, nilivaa mara moja. Nikamwuliza, sasa za kuvaa ziko wapi? Akanionyesha kamba ya nje, gauni mbili na sketi moja. Kabati zima, na mtoto anavaa vitu vitatu. Sikucheka. Mimi niliyeishia darasa la tatu, mambo mengi siyajui, lakini hili la nguo nililipia.

Nianze na baba. Baba alikuwa mrefu, mwembamba, shingo ndefu, mabega yamelala. Akitembea katikati ya migomba ungedhani mgomba mmoja umeamua kwenda kuwasalimia wenzake. Mimi nilitoka kwa wajomba zangu, mfupi, kifua kipana, mabega ya kubebea mikungu. Hata miguu yangu ni mipana kwa mbele kama ya bata, na wewe ukiitazama ya kwako utaona nani alikupa. Baba alipofariki mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina mke na mtoto mmoja. Ukoo ukanichagua mimi kuwa mrithi, ingawa nina kaka mkubwa, lakini yeye alikuwa amekwenda Uganda miaka mingi na hakurudi. Habari zake ni ndefu, tuziache.

Kwetu matanga yakiisha, mrithi anasimikwa mbele ya watu. Anavishwa nguo za marehemu, anakalishwa kwenye kiti chake, anashikishwa mkuki na panga, rubisi, pombe yetu ya ndizi, inamiminwa, watu wanampa heshima aliyokuwa akipewa marehemu. Siku ile ile dada zako wanaanza kukuita baba. Utacheka, lakini mtu mzima aliyekubeba mgongoni akikupigia goti na kusema "Shikamoo baba," kitu fulani kinakupanda kichwani. Mimi kilinipanda.

Basi walinivisha lile koti. Koti la sufu, la kijivu, zito, baba alilinunua Bukoba enzi za ujana wake na alilitunza kama ng'ombe wa maziwa. Walipoliingiza mabegani mwangu nilisikia linakataa. Nilisikia kabisa. Kwapani lilinikaba, mgongoni likavutana, mikono ikabaki imening'inia kwa pembeni kama ya mtu anayetaka kuruka. Nikasema moyoni, heshima ndivyo ilivyo, nzito.

Na hapa ndipo kosa langu lilipoanza. Mimi nilidhani nikishavishwa nimevishwa moja kwa moja. Nilidhani mrithi ni mtu wa kuvaa nguo za marehemu mpaka naye azikwe. Baba mdogo wangu, Rwegasira, ambaye ndiye mdogo wake baba wa mwisho, alikuja wiki iliyofuata akaniomba sweta, kama kumbukumbu ya kaka yake. Nikamwambia, baba mdogo, vya marehemu viko mikononi mwa mrithi. Akanitazama, akaondoka. Desturi inaruhusu ndugu wagawiwe, na mimi niliijua, lakini nilitia vyote kwenye sanduku la bati nikafunga kufuli: koti, kanzu mbili, suruali za kaki, sweta la kahawia, shuka nzito ya asubuhi za baridi, kofia ya pama, na viatu vyeusi vya ngozi. Humo humo nikasongamanisha na vya kwangu, suruali yangu ya harusi ambayo kifungo hakikufika tena upande wa pili tangu mke wangu aanze kunipikia. Sanduku likawa halifungiki mpaka ulikalie.

Viatu vile, mwanangu, viliniondolea ukucha. Kidole gumba cha mguu wa kulia. Nilikwenda navyo misa, umbali wa saa nzima, kurudi nikavua nyuma ya nyumba, soksi imejaa damu. Mke wangu, Mungu amrehemu, akaniletea maji ya chumvi, akasema, "Hivi miguu yako imekukosea nini?" Nikamjibu kwamba viatu vya ngozi lazima vizoee mguu. Akasema, "Vilizoea mguu wa mwenyewe. Vimemaliza kuzoea." Sikumsikiliza. Alikuwa pia na msemo wake kwamba nikivaa lile koti nyumba nzima wanatembea kwa vidole. Nikadhani ananisifu.

Sasa Adventina. Yeye ndiye aliyenifuata mimi kuzaliwa, tulilala kitanda kimoja utotoni, tuliugua surua pamoja. Aliolewa Songambele, mbali kule Kyerwa. Mumewe akafariki, na shemeji yake mmoja, mlevi wa kupiga watu, akadai kumrithi yeye na watoto. Adventina akafunga furushi, akatoroka, akarudi nyumbani. Alikaa jikoni kwangu wiki tatu, akimsaidia mke wangu kuanika kahawa na kumenya ndizi. Kisha akaomba kikao cha ukoo. Alichotaka ni kona ya kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, upande wa bondeni, penye mibuni mizee isiyozaa. Ajenge kibanda, apande migomba yake, alee watoto.

Nikuambie ukweli ambao ndio unaniuma mpaka leo: asubuhi ya Jumapili ile nilikuwa nimekwisha kukubali. Nilimwambia mke wangu wakati nafunga vifungo vya koti, "Nitampa. Ile kona imekaa bure." Mke wangu alifurahi, akaenda kuongeza maji kwenye chungu.

Misa ikawa ndefu. Kurudi, mlima na jua. Nikakaa kwenye kiti bila kuvua kitu, maana mrithi kwenye kikao havui koti. Wazee wakasalimiana, na unajua salamu zetu, mtu anauliza habari za kila mbuzi. Ndipo Adventina akaanza. Alianzia kwenye ugonjwa wa mumewe. Alikuwa na haki ya kuanzia hapo. Lakini mimi kola ilikuwa inanikereza shingo, jasho linashuka mgongoni, linafika kiunoni linasimama. Kwapani moto. Nataka kujikuna, siwezi kufikisha mkono, na nikifikisha wataniona. Kila alipotua kuvuta pumzi nilidhani amemaliza, kumbe ndiyo kwanza anafika kwenye mazishi. Maneno yake nilikuwa siyasikii tena. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu mwenyewe, zilikuwa fupi fupi.

"Baba," aliniambia mwishoni, amepiga magoti, "sikuja kuomba nyumba. Naomba pa kusimamisha nguzo nne tu."

Nami nikasikia sauti inatoka kinywani mwangu: "Basi! Kibanja cha baba hakikatwi. Mwanamke ana kwake alikoolewa. Rudi Songambele."

Mtoto wake mdogo, wa kike, alikuwa anatafuna kipande cha muwa, akaacha. Mimi nikasimama, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikavua koti. Na hapo, mwanangu, nilipumua. Upepo ukanipiga kifuani. Hasira yote ikaniondoka kwa pumzi moja, nikashangaa nilikuwa nimemkasirikia nani. Ningerudi saa ile ile ingekuwa kazi ndogo. Lakini nikaona aibu, mrithi wa miezi minne tu anageuza neno kabla hata chungu hakijateremshwa jikoni. Nikabaki nyuma ya nyumba nikijifanya natazama mbuzi.

Kesho yake asubuhi Adventina alikwenda Nyaishozi, kwa rafiki yake mmoja anayeuza maharage pale senta. Angesubiri huko hadi Jumamosi, siku ambayo lori huenda upande wa Kyerwa. Hakuniaga. Alimuaga mke wangu tu, na mke wangu siku mbili hakusema na mimi ila "chakula hicho."

Jumatano akaja shangazi Kokugonza. Huyu alikuwa dada mkubwa wa baba, mwanamke mkavu, mfupi, anatafuna kahawa tangu asubuhi, zile buni za kuchemsha tunazowapa wageni, akitema maganda kwa pembeni bila kukatisha maneno. Alikuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya kilima. Alinikuta najiandaa kwenda kikao cha kijiji, nimevaa koti.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hebu inama." Nikainama. Akanifunua kola. "Shingo imechubuka kama ya mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Jumapili ulikuwa umevaa hili?"

"Ndiyo, shangazi."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu misa mpaka kikao kilipokwisha."

"Lete sanduku."

"Shangazi, kama ni habari ya Adventina, ile ni habari ya ardhi..."

"Wewe niletee sanduku. Ya ardhi utaniambia ukishavua."

Mwanamke wa rika lile hubishani naye. Nikalibeba sanduku mpaka uani. Akaketi kwenye kinu kilicholala, akaniamuru nitoe vyote, vya baba na vya kwangu, nivirundike kwenye mkeka. Mke wangu alikuwa mlangoni anachambua mchele, na nakuhakikishia ule mchele ulikuwa umekwisha kuchambuliwa zamani.

"Vaa hilo koti vizuri. Haya, kata mkungu ule." Akanionyesha mgomba uliokuwa karibu. Nikanyanyua panga, mkono ukaishia usawa wa sikio. "Mwili unasemaje?"

"Koti ni zuri, shangazi. Ni sufu kabisa."

"Macho sikuyauliza. Uliza mabega."

Sikuwahi kuulizwa swali la namna hiyo. Nikasimama pale kama mjinga, panga hewani, nikajaribu kusikiliza. "Yanauma," nikasema. "Na pumzi haishuki."

"Inaishia wapi?"

"Hapa." Nikagusa chini ya koo.

"Vua. Weka kushoto."

Tukaenda hivyo, nguo kwa nguo, mpaka jua likasogea. Kila nguo alinipa kazi. Chuchumaa kama unayepalilia. Kaa kama unayekula. Mnyanyue mtoto. Nyoosha mkono umsalimie mtu. Halafu anauliza, mwili unasemaje, na nikianza kusifu kitambaa ananikatiza. Baada ya nguo tatu nne nikaanza kujua lugha yenyewe. Kuna nguo ukiivaa mkono unakwenda wenyewe kuivuta kiunoni, hujautuma. Kuna nyingine unajikuta umesimama kwa mguu mmoja. Sweta la kahawia lilinitosha vizuri tu, lakini nikilivaa ngozi ya mikono inasisimka kwa kuwasha, na nikakumbuka kwamba hata utotoni sufu ya namna ile ilinitoa vipele. Viatu sikuvivaa kabisa, alinitazama kidole gumba akasema hicho kimekwisha kutoa ushahidi. Suruali yangu ya harusi aliponiambia nichuchumae, ilitoa mlio. Mke wangu akaangusha ungo kwa kucheka.

"Hii inamngoja nani?" shangazi akauliza.

"Nikipungua..."

"Ukipungua utakuwa mgonjwa, na mgonjwa tunamvika shuka. Kushoto!"

Nilipojifunika ile shuka nzito ya baba kitu kingine kikatokea. Mabega yakashuka yenyewe. Nikavuta pumzi ikafika tumboni. Ilikuwa imechanika pembeni na ina harufu ya moshi, ukiionyesha kwa watu hakuna atakayeitaka. Shangazi hakuuliza kitu. Akaniashiria kwa kidevu niiweke kulia. Na kanzu moja ikaenda kulia, na shati langu la buluu la shambani lenye kiraka kwenye kiwiko. Upande wa kulia vilikuwa vitu sita. Kushoto kulikuwa na kichuguu.

Nikamwambia, "Shangazi, baba nitamkosea. Mlinivisha mbele ya watu."

Akatema ganda la kahawa. "Tulikuvisha ili watu waone baba yao hakufa bila mtu. Waliona. Siku ile ile ungevua. Baba yako mwenyewe alivishwa ngozi ya baba yetu, unajua alikaa nayo muda gani? Alipomaliza kunywa rubisi aliivua akampa mjomba, kwa sababu ilikuwa na chawa." Halafu akanisogelea, na sauti akaishusha mke wangu asisikie, ingawa alisikia. "Jumapili ulimkatalia Adventina kwa sababu gani? Nipe sababu moja, nami nitaondoka."

Nikatafuta. Kona ilikuwa bure. Mibuni ilikuwa haizai. Yeye ni dada yangu. Nilitafuta sababu kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi, nikaikosa.

"Nilitaka kikao kiishe," nikamwambia. "Nilikuwa nimebanwa."

"Basi mtoto wa ndugu yangu anarudi kwa mtu wa kumpiga kwa sababu wewe ulikuwa umebanwa kwapa." Alisema hivyo tu, akasimama, akadai maji ya kunywa, akaondoka. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Aibu ilinichelewesha mpaka Jumamosi, ndipo nikatoka alfajiri kwenda Nyaishozi nimevaa lile shati la buluu. Njia ile nilikuwa nimezoea kuipanda nikihema, siku hiyo nilifika nikiwa na pumzi ya kusemea. Nilimkuta Adventina kando ya barabara, mafurushi mawili, watoto wamekalia moja. Lori lilikuwa bado linapakia maharage.

Nikamwambia, "Adventina, rudi nyumbani. Kona ya bondeni ni yako."

Hakuinuka. Alinitazama kuanzia miguuni. Nilikuwa nimevaa kandambili. "Jumapili ulinikatalia mbele ya watu kumi na mmoja," akasema. "Kunikubali unataka kunikubalia hapa, wanasikia utingo na magunia?"

"Nimekosa, dada."

"Nimesikia. Nikirudi kwa neno la barabarani, ukikasirika mwezi ujao utanifukuza kwa neno la barabarani. Wale wale, Deo. Mahali pale pale. La sivyo lori hili hapa."

Tangu nisimikwe alikuwa hajanitaja kwa jina langu. Nikamwambia, kesho. Akasema atanifuata angoje mpaka kesho, na mafurushi hatayafungua. Kweli alikuja Rugu jioni ile, akalala jikoni, mafurushi yamefungwa mlangoni.

Nilipita nyumba kwa nyumba kuwaita wale watu. Kwa baba mdogo Rwegasira nilikwenda na koti mkononi. Nikamwambia, uliniomba sweta nikakunyima, nakuletea hili, na sweta liko ndani ukilitaka. Alilivaa pale pale uani kwake. Mwanangu, nilishtuka. Mabega yalilala mahali pake, mikono ikafika kwenye viganja, mtu akasimama mbele yangu kama baba alivyokuwa akisimama. Mke wa baba mdogo alifunika mdomo kwa kanga. Yeye mwenyewe hakusema asante, alijipapasa tu mifukoni taratibu, mmoja baada ya mwingine.

Jumapili wakakaa wote. Mimi kwenye kiti, shati la buluu, kiraka kwenye kiwiko. Baba mdogo ndani ya koti, anapendeza, na kwa sababu anapendeza akaanza maneno.

"Mrithi, leo umetuita kupalilia?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akaongeza, "Labda jembe liko chini ya kiti."

Nikawaacha wamalize. Nikasema, "Wazee wangu, Jumapili iliyopita nilimkatalia dada yangu kona ya bondeni. Sikuwa na sababu. Asubuhi yake nilikuwa nimekubali. Nilivaa koti lisilo la mwili wangu, likanibana, nikakosa pumzi, nikataka kikao kiishe, nikamwadhibu yeye. Leo nasema mbele yenu: kona ile ni ya Adventina na watoto wake. Hata mimi nikifa."

"Koti?" baba mdogo akasema. "Mbona mimi halinibani?"

"Ndiyo maana nimekupa wewe."

Hapo walicheka mpaka mzee mmoja akapaliwa na rubisi, wakampiga mgongoni. Adventina peke yake hakucheka. Alingoja watulie. Akasema, "Taja mpaka."

Nikainuka, tukashuka bondeni watu wote nyuma yetu. Nikapiga hatua mbele ya macho yao, kutoka kwenye mti wa mrumba hadi kwenye mfereji, na kila kona tukachimbia kipande cha mlamula, ule mmea wetu wa mipaka ambao hata ukiung'oa unachipua. Cha mwisho alikichimbia yeye mwenyewe, kwa mikono, akashindilia udongo kwa kisigino. Ndipo alipopanda kwenda jikoni, na kupitia dirishani nikamwona anafungua mafurushi.

Usidhani alinisamehe siku hiyo. Alikuwa mpole, alinisalimia, lakini kwa karibu mwaka mzima hakuingia sebuleni kwangu. Migomba yake ilipotoa mkungu wa kwanza aliubeba kichwani, akaja akautua mlangoni pangu. Akasema, "Huu ni wa kwenu," akarudi zake. Mke wangu na mimi tulikaa tukiuangalia kama tumeletewa mtoto. Leo yuko pale pale bondeni, ana wajukuu wengi kuliko mimi, na kila nikishuka kumsalimia ananilazimisha kula hata kama nimeshiba.

Sasa nikupe neno lenyewe, mwanangu, usije ukasema baba yako alizungumza koti mpaka akasahau.

Siku ukiwa na nafasi, mchana, umeshiba, huna haraka, toa nguo zote uzirundike kitandani. Usizitazame sana, macho yanapenda rangi. Zivae moja moja na ufanye ndani yake kazi unazofanya kila siku. Wewe unafanya kazi ofisini, basi kaa kwenye kiti, inama uokote kalamu, panda pikipiki. Halafu nyamaza kidogo usikilize. Pumzi inafika wapi? Mabega yamepanda? Mkono unakwenda kuvuta wapi? Ngozi inawasha? Mwili hauna adabu ya kusema uongo, utakujibu upesi kabla hujamaliza kujiuliza nguo hiyo ulipewa na nani. Ukisema hapana, mpe mtu ambaye wake utasema ndiyo. Usimpe kwa kumtupia, mpelekee, mwache aivae mbele yako. Iliyochakaa igeuze matambara, mito, kamba ya kufungia ndama.

Usiweke nguo ya mwili uliokuwa nao zamani. Wewe umezaa watoto wawili, kiuno chako kimefanya kazi, usikilaumu kwa sababu ya sketi. Wala usiweke nguo ya mwili unaousubiri. Huo ukija tutaushonea. Na nguo ya marehemu, hata yangu mimi siku ikifika, ivae mara moja kama desturi inataka, nikumbuke, halafu iulize mwili wako. Ikikukataa, sitakasirika. Nitakuwa sina kwapa.

Na zaidi ya yote, kabla hujatoa uamuzi wa kumgusa mtu mwingine, awe mumeo, mtoto wako, mfanyakazi wako wa ndani, jipapase kwanza kiunoni na shingoni. Kama kuna kitu kinakubana, kilegeze, ndipo useme. Mimi nilibahatika kwamba lori lilichelewa kupakia. Wewe usitegemee lori.

Mungu akuweke. Akupe pumzi ndefu inayofika tumboni, mabega mepesi, na ulimi unaongoja. Watoto wako wakukimbilie bila woga, uwe umevaa chochote. Na wale uliowahi kuwafukuza kwa neno, Mungu awacheleweshe njiani mpaka uwafikie.